Jiko la Mama Mkwe na Dirisha la Benki

Hasira zangu ziko karibu, nimezaliwa nazo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikichemka hata cherehani inajua, maana naikanyaga kama nafukuzwa. Kwa hiyo ninaposimulia habari ya benki na mama mkwe wangu, mnivumilie. Kuna mahali bado zinanipanda.

Mume wangu alikuwa dereva wa shirika la umma. Alifariki kwa ugonjwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Alikuwa kitinda mimba kwao, Marangu, na kwa Wachagga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kaka yake mkubwa alikuwa na maisha yake Dar es Salaam. Alikuja kila Desemba kama wengine wote, anachinja mbuzi, anakagua mipaka, anaondoka. Baada ya msiba ukoo ulikaa kikao cha kuchagua msimamizi wa mirathi, na kila mtu akamtazama huyo shemeji. Mama mkwe wangu akasema, "Mjane yupo na kusoma anajua. Mnatafuta nini kingine?" Basi nikawa mimi.

Watu walishangaa, na mimi nilishangaa kuliko wote. Mimi si Mchagga. Wazazi wangu walitoka mkoa wa mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule chini, nikazaliwa kambini, kwenye nyumba za mstari ambazo si za mtu. Baba alipokufa alizikwa kwenye makaburi ya kambi, na mama akarudi kwao, mkoa ambao mimi sijaukanyaga. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi nilikuwa naanza kukohoa. Kule mlimani kwa mama mkwe ndiko mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo niliingia kwa mlango wa jikoni bila kupiga hodi. Mume alipokufa, hicho ndicho nilichoogopa kukipoteza. Chumba cha kupanga mtu unapata popote.

Mfuko wa pensheni ulitoa mafao ya kila mwezi, sehemu yangu kama mjane na sehemu ya mama kama mzazi aliyekuwa akimtegemea mwanawe. Yote yalikuja pamoja kwenye akaunti niliyofungua kwa jina langu. Hazikuwa hela za kujivunia, lakini zilikuwa zinakuja. Mwisho wa mwezi natoa, Jumamosi inayofuata napanda Marangu na sehemu yake. Alikuwa na namna yake ya kuzipokea. Anafuta mikono kwenye kanga, anapokea kwa mikono miwili, anasema taratibu, "Mwanangu amenikumbuka," anaziingiza kifuani, kisha sauti inabadilika palepale: "Na wewe unangoja nini? Ndizi zinajimenya?"

Namenya ndizi za supu ya mtori vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, ng'ombe zizini analilia majani, na yeye ananigombeza kwamba namenya nene nene kama mtu asiyejua ndizi inalimwa. Jamani, nilikuwa napenda kugombezwa kule. Nilikuwa nashuka mjini jioni na mkungu wa ndizi za mchare na maziwa kwenye kidumu, nanuka moshi wa kuni mpaka kwenye nywele, nimeridhika.

Mjini Moshi nilikuwa fundi cherehani. Nilipanga chumba Majengo, jirani na msikiti, na kazi nilifanyia barazani. Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa, na mitumba ikaingia Moshi kwa marobota. Ukimshonea mama gauni, anakwenda sokoni anakuta gauni la Ulaya lenye zipu na bitana kwa bei ya ufundi wako peke yake. Mafundi wengi walifunga. Mimi nilinuna wiki nzima, halafu nikajiuliza ni nguo gani haiji ndani ya robota. Sare ya shule! Na shule za binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila kukicha. Nikashika sketi za marinda, mashati na kaptula, na baada ya kuzunguka sana shule moja ikanipa kazi ya wanafunzi wake wote.

Siku ya malipo mhasibu wa shule akanipa hundi, tena iliyoandikwa kwa jina la duka langu. Duka lenyewe lilikuwa ni mimi na baraza. Nikaenda kukata leseni ya biashara, nikachorewa kibao, nikaingia benki na kuomba ile akaunti yangu ya siku zote igeuzwe iwe ya biashara. Niliona moja inatosha, nani ana muda wa foleni mbili? Kwa hiyo hela za marinda na mafao ya marehemu vikawa vinalala kitanda kimoja, na mimi nikaona nimepatia.

Ilikuwa sawa mpaka nilipotaka mkopo. Kazi ya Januari ilikuwa kubwa kuliko cherehani yangu, nilihitaji ya pili, na majora ya kitambaa kabla shule hazijafunguliwa. Nikapelekwa kwa dada wa mikopo, msichana mwenye miwani, mtulivu, Mchagga wa upande wa Rombo. Akapitisha kidole kwenye taarifa ya akaunti yangu.

"Dada, hii inayoingia kila mwisho wa mwezi ni nini?"

"Ni mafao. Yangu na ya mama mkwe wangu."

Akavua miwani. "Ukikopa kwenye akaunti hii, na Januari ikakuendea vibaya, benki itakata rejesho kwenye chochote kitakachoingia. Haitauliza hii ya sketi na hii ya mama. Mfungulie mama akaunti yake. Na hiyo yako ya ujane iweke pengine. Hii iache ya biashara peke yake, hata wewe mwenyewe utajua unapata faida au unajidanganya."

Hilo la kujidanganya liliniuma, maana lilikuwa kweli. Lakini la mama lilinitoa jasho. Nilijiona namwambia yule mwanamke kwamba mwezi huu mwanao hakukukumbuka, amekatwa na benki. Nikatoka pale nimeamua, na nilijisifu njia nzima kwamba namkinga.

Jumamosi nikapanda. Alikuwa jikoni, anachochea moto chini ya sufuria. Nikampa hela, akasema maneno yake, akaziweka kifuani. Nami bila kuzunguka nikamwambia, "Mama, kuanzia mwezi ujao tunatenga. Hela yako peke yake, yangu peke yake. Ndivyo ilivyo bora kwetu sote."

Mwiko ukasimama.

Mimi mtoto wa kambi ningejuaje? Kule mlimani, bibi harusi anapika kwenye jiko la mama mkwe mpaka siku mama mwenyewe atakapompa mafiga yake. Mama ndiye anayegawa. Mjane akitangulia yeye kusema habari za kutenga, tena akasimama jikoni na kusema, anakuwa ameaga. Hakuna anayemuuliza maana yake. Maana yake ni kwamba kuna mlango mwingine unamngoja.

"Kuna mtu?" akaniuliza bila kugeuka.

"Mtu gani, Mama?"

"Huko mjini."

"Weee! Hakuna mtu. Kuna cherehani!"

Nilidhani atacheka. Akaendelea kukoroga, na siku ile hakunigombeza kwa lolote. Nilishuka na mkungu wangu kama kawaida, ila sikuwa na amani.

Mwezi uliofuata nilipofika, mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alinifungulia wa mbele. Akanikaribisha sebuleni, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akaniletea chai kwa kikombe cha maua, kile kinachotoka kabatini padri akija kubariki nyumba. Kulikuwa na mkate na blubendi. Akaketi mbele yangu, mikono magotini, akaniuliza kama njiani kulikuwa na mvua.

Nikampa hela. Akaipokea kwa mkono mmoja, akaiweka mezani kando ya sahani, hakusema amekumbukwa na mtu yeyote. Nikanyanyuka. "Niende nikamkatie ng'ombe majani."

"Ameshakula. Kaa, usichafue nguo zako."

Nikakaa. Nikaitazama ile chai. Nimesemwa maishani, nimetukanwa na wateja, shemeji alishasema mbele yangu kwamba mjane asiye na mtoto ni mpita njia. Hayo yote hayakunifikia mahali ambapo kile kikombe kilinifikia.

"Mama, mimi ni mgeni humu ndani?"

"Mgeni ni mtu mwema," akasema. "Kunywa chai itapoa."

Basi hasira zikapanda. Nikasimama, nikasema maneno ambayo siyakumbuki yote; najua nilisema kama amenichoka aniambie, asinipe mkate. Naye akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza: "Mimi sijakuchoka. Ni wewe uliyetenga. Mtu akitenga anapewa heshima yake, anasindikizwa." Akanisindikiza kweli mpaka kwenye geti, akanishukuru kwa kumtembelea. Nililia kwenye ile njia ya migomba mtu mzima mimi, na pochi yangu kwapani, na waliotoka gulioni wakanipa pole wakidhani nimefiwa tena.

Jumatatu milango ya benki inafunguliwa, mimi niko pale. Sikukaa kwenye foleni. Nilimwendea yule dada wa miwani moja kwa moja.

"Umenivunjia nyumba!" Watu wote wakageuka, hata mlinzi.

Akanivuta kiti. Akangoja nimalize kuhema. "Ulimwambiaje?"

Nikamweleza. Nilipofika pale kwenye "tunatenga" akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ulimwambia jikoni?"

"Ndiyo, jikoni. Ningemwambia wapi, kanisani?"

"Yesu na Maria! Dada, wewe umeaga." Na hapo ndipo nilipoelezwa, mbele ya kaunta, kitu ambacho miaka yote ya ndoa hakuna aliyeona haja ya kunieleza, kwa sababu kila mtu kule amezaliwa anakijua. Nilinywea. Akanishika mkono. "Mlete. Nitamwambia mwenyewe, kwa Kichagga."

Kumleta! Yule mama alikuwa hajawahi kuingia benki, na hakuwa na haja. Nilipanda tena kabla hata ya Jumamosi. Safari hii nilikataa kiti. Nilisimama kwenye kizingiti cha jikoni, mvua inaninyeshea mgongoni, nikamwambia nimekosea kusema, sijaaga, siendi popote, ila kuna jambo la benki na ningeomba aje alisikie kwa aliye na ufahamu nalo.

"Siendi," akasema. "Hela za mwanangu zilikuwa zinatoka mkononi mwake zinapita mkononi mwako zinafika kwangu. Nikizipokea naona kama amekutuma. Sasa zinipitie dirishani, kwa mtu asiyemjua mwanangu? Siendi."

 Nilikuwa nimechukulia zile safari zangu kuwa ni kufikisha hela, kumbe kwake ilikuwa ndiyo njia aliyobaki nayo ya kumwona mwanawe akiingia mlangoni. Nikajifuta mvua usoni. Halafu nikasema jambo la kweli: "Mama, hata mimi nikikuletea naona kama amenituma."

Akasogea kunipisha. "Ingia ndani, unalowa," akasema, kama anayemwambia mtu aliyemkuta barabarani. Lakini niliingia kwa jikoni.

Alikuja mjini siku ya soko, amevaa kitenge cha Pasaka, rozari shingoni, na uso wa mtu aliyekuja kuwapa watu ukweli wao. Yule dada wa mikopo akasimama, akampa shikamoo huku amekunja magoti kidogo, akamkalisha, akaanza kuongea Kichagga. Cha Rombo na cha Marangu havifanani sana, walikuwa wanasahihishana hapa na pale. Mimi nilikamata neno moja moja. Nikamwona mama anakunja uso, anauliza, anajibiwa. Mara akapiga meza kwa kiganja na kurudi kwenye Kiswahili ili nisikie.

"Kumbe ni makato!"

"Ndiyo, Mama," yule dada akasema. "Ni makato."

"Kama ya kahawa!" Akanigeukia. "Mwaka ule mzee wangu alichukua mruturutu, dawa ya kunyunyizia kahawa, kwa mkopo, kahawa yake ikaharibika. Na mimi nilikuwa nimepeleka kahawa yangu, niliyoichuma mwenyewe, kwa namba yake ya chama cha ushirika. Chama kikakata yote, ya kwake na ya kwangu, kwa sababu ilikuwa namba moja. Nililia." Akaninyooshea kidole. "Kwa hiyo ulikuwa unanitoa kwenye makato?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukaja jikoni kwangu kusema habari za kutenga."

"Ndiyo, Mama."

"Nani alikufundisha kuongea, wewe mtoto wa miwa?"

Hiyo "mtoto wa miwa" alikuwa hajaniita tangu nilipokuwa mke mpya. Nilitamani kumkumbatia palepale kaunta, ila alikuwa ameshaanza kuwagombeza wenye benki kuhusu wino wa dole gumba, kwamba ni mchafu na hautoki. Aligoma kupigwa picha mpaka afunge kilemba upya. Yule dada alipomaliza kujaza akamweleza kwamba kuanzia sasa sehemu yake itaingia humu, na hakuna mkopo wa mtu utakaoigusa, hata wangu.

"Na nisipotaka kuja dirishani?"

"Unamwandikia idhini huyu mkweo, anakutolea."

"Basi mwandike," akasema. "Aje nazo yeye, kama zamani." Akaweka dole gumba kwa nguvu mpaka karatasi ikakunjamana.

Tulipanda Marangu pamoja jioni ile kwa sababu alisema mlima haupandwi na mtu mzima peke yake, jambo ambalo halikuwahi kumsumbua hapo nyuma. Hakuingia ndani. Alichukua panga lililochomekwa ukutani mwa zizi, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba, kule kwenye migomba ya zamani ambako mzee wake amezikwa, na mwanawe, mume wangu, kando yake. Nilijua ile njia. Nilikuwa nikifika pale kila nilipopanda, nang'oa magugu, namsalimia, naondoka.

Safari hii alinipitisha upande wa pili wa kaburi la mume wangu. Pale palikuwa na nafasi ya wazi, imezungushiwa masale machanga, yale majani marefu wanayopanda kwenye mipaka na makaburi. Yalikuwa yameshika vizuri, yana mwaka au zaidi. Sikuwahi kuyatilia maanani.

"Hapa ni pako," akasema.

"Pa nini, Mama?"

"Pa kulala. Mimi nitakuwa kule kwa mzee. Wewe hapa, na mwenzako. Masale niliyapanda mwenyewe baada ya arobaini. Juzi shemeji yako, aliposikia umetenga, ameniandikia kwamba kama unaondoka, Desemba atapanda migomba hapa. Nikamjibu asubiri kwanza, nijue."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, afya njema, mkopo uko njiani, naonyeshwa kaburi langu. Na nasema kweli ya Mungu, sijawahi kupewa kitu nikafurahi vile. Nikachuchumaa palepale. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunyoosha kidole kwenye ardhi akaniambia hapa ni pako, na huyu mwanamke alikuwa amepaweka tangu msiba, akapalinda hata wiki zile alizoamini naondoka, akaninywesha chai ya padri.

Lakini sikutaka kumdanganya. Nikamuuliza, "Na siku moja nikija kuolewa, Mama?"

Alifikiri huku anakwangua udongo kwenye panga kwa kidole.

"Utaolewa. Wewe bado kijana, sisi si watu wa kukufunga kamba. Ukimaliza huko utarudi hapa. Huyo atakayekuoa naye si ana kwao?"

Hapo nikalia kweli, kwa sauti, nimeshika yale masale, makamasi na kila kitu. Alinivumilia kwa muda. Halafu akakereka, kama zamani, kama anavyokereka nikimenya ndizi nene.

"Sasa unalia nini? Kuna aliyekuambia ulale leo?" Akaniwekea panga mkononi. "Fyeka hapo kwako. Majani yamezidi."